Viatu vya Irsa

Maji yakimwagika hayazoleki,
lakini kaka yangu Jalmari aliyazoa mara kumi na nne
usiku mmoja wa Januari, mjini Kemi,
nje baridi imeng'ata vioo vya madirisha,
ndani kompyuta ikivuma kama birika lililokataa kuchemka.

Mara ya kwanza Irsa alianguka darajani,
mshale shingoni, jina la Jalmari mdomoni;
si Jalmari hasa, ni lile alilojipa mchezoni: Nahodha.
Akarudi nyuma alikohifadhi, kambini, penye moto.
Akamvika deraya yake mwenyewe. Irsa akafa.
Akamwacha alinde punda. Irsa akamfuata, akafa.
Akawamaliza maadui mmoja mmoja
hadi mpiga upinde wa mwisho juu ya mwamba,
daraja likabaki jeupe, kimya, theluji tupu,
na mshale ukatoka pasipo na mtu.
"Waliomwandika," akasema, "walishaamua."
Akanywa kahawa iliyopoa. Akarudi tena kambini.

Mimi nilisimama mlangoni na soksi zangu za sufu,
neno bovu limenikaa ulimini.
Mama tulimzika Oktoba.
Siku ile Jalmari aliosha vikombe sitini vya kanisa,
akavikausha, akavipanga,
vishikio vyote vikitazama upande mmoja,
jicho lake kavu kama chumvi.
Leo anamlilia mwanamke wa rangi na mwanga
mwenye sentensi arobaini tu tangu azaliwe!
Nikafungua mdomo. Nikaufunga.
Hospitalini hapakuwa na kitufe.
Labda mikono haijui kulia
mpaka ipewe kitu cha kujaribu.

Reijo, wa zamu yake kiwandani,
hajavuka daraja.
Mwaka wa tatu huu. Kila Jumapili baada ya sauna
anawasha mchezo, anakaa na Irsa motoni.
Irsa anasema theluji inanuka chuma,
anasema kesho tutafika,
anachokoa kuni, anasema tena theluji inanuka chuma.
Kesho haifiki. Ndiyo raha yake.
"Mwisho nimeusikia kwa watu," Reijo huniambia,
"na ya watu si lazima niyaamini."

Aune wa ghorofa ya chini, mkutubi mstaafu,
alitaka kumzika. Mchezo haukumpa jembe.
Basi akadondosha pale darajani kila alichobeba:
mikate, vitunguu, kamba,
mishumaa mia mbili na mitatu,
mpaka kompyuta ikaanza kukwama kwa uzito wa matanga.
Akaendelea na safari mikono mitupu.
Mbwa mwitu wa kwanza tu alimla,
naye akacheka hadi akavua miwani.

Na Pihla, binti ya Jalmari, miaka kumi na miwili,
alipofika pale hakuvuta hata pumzi.
Aliinama, akamvua Irsa viatu.
"Vina kinga ya moto, baba. Vyangu havina."
Jalmari akatoka nje bila koti.
Nami nikasema kimoyomoyo: watoto hawa,
kifuani wamewekewa jiwe.

Juzi nilimkuta Pihla katika sura ya mwisho,
anavuka uwanda wa makaa,
nyayo zinaungua, uhai unapungua hatua kwa hatua.
Nikamuuliza: vile viatu umeviuza?
Hakugeuka. Akafungua mkoba.
Vilikuwamo, chini kabisa,
vizito, vimekalia nafasi ya dawa,
vikimfanya atembee polepole kama mgonjwa.

"Si saizi yangu," akasema.

Katika mchezo ule
viatu havina saizi.